Ukatili wa kijinsia vitani: tunayoyasema Tanga na ukweli wake

Mkoa wa Tanga si mgeni wa wakimbizi. Vita vya Somalia vilipowafukuza watu miaka ya 1990, walikuja Handeni hata Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani Somalia karne ya 19. Walikaa kambi ya Mkuiu, kisha makazi ya Chogo, na wengi baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Leo vita vya Kongo vinapochacha, moyo wa kuchangia upo. Shida ni mambo tunayoyaamini kuhusu mwanamke aliyebakwa, maana ndiyo yanayomchelewesha na kumuumiza upya.

“Kwanza polisi, hospitali baadaye.”

Ni kinyume chake. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa kila siku kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kuna pia antibiotiki za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda. Aliyechelewa bado aende: majeraha hutibiwa, vipimo hufanyika, na ushauri nasaha hauna tarehe ya mwisho.

Hapa kwetu PF3 ni fomu ya polisi ya kumbukumbu na ushahidi. Isigeuzwe kizuizi mlangoni. Atibiwe kwanza.

Mara nyingi kinachokwamisha ni kitu kidogo sana. Dawa zimefungiwa stoo, mwenye ufunguo ameondoka Ijumaa saa 12 jioni. Akirudi Jumatatu saa 2 asubuhi, saa 62 kati ya zile 72 zimekwisha. Kituo kinachohudumia wakimbizi kiweke dozi za kuanzia kwenye chumba cha zamu, si stoo kuu.

Nguo alizovaa, kama anataka zitunzwe kwa ushahidi, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu, ukungu unaota, ushahidi unaharibika. Kwa joto la pwani hilo halichukui muda. Na kama ameshaoga, asirudishwe wala asilaumiwe.

“Daktari atajua kwa kumpima bikira.”

Hapana. Kipimo hicho hakithibitishi chochote. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalitaka kikomeshwe mwaka 2018. Ni kumdhalilisha mtoto wa watu mara ya pili.

“Vita ni vita, hayo hayana kesi.”

Yana kesi, na hukumu kubwa ilitolewa Arusha. Septemba 2, 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

“Hatari ni askari wa adui tu.”

Kambini, mkosaji anaweza kuwa mume, jirani, hata mgawa chakula anayedai ngono ili aandike jina. Msaada haulipiwi kwa mwili, na kila foleni ya mgao inapaswa kuwa na mahali pa kulalamikia pasipopitia kwa mgawaji huyohuyo.

Hatari nyingine imejengwa kwa mbao na mabati. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, umbali usiozidi mita 50 kutoka makazi, na matundu 3 ya wanawake kwa kila 1 la wanaume. Komeo liwe kwa ndani, na njia iwe na taa. Choo kisicho na komeo msichana hukikwepa, anasubiri giza aende porini. Kuni nazo ni hivyohivyo: kadiri zinavyopatikana mbali, ndivyo anavyokuwa hatarini.

“Aeleze yote ndipo asaidiwe.”

Muulize yale tu yanayohitajika kwa huduma anayoitaka sasa. Msikilize faraghani, mweleze huduma zilizopo, mwache achague. Akisema hapana, ni hapana, na picha usipige. Hata bango lina madhara: hema lililoandikwa “kituo cha waliobakwa” halitaingiwa na mtu. Hema la kushona na kusuka, lenye mshauri ndani, wanawake huingia bila kunyooshewa kidole.

Kwa mtoto taratibu ni za ziada. Hapa Tanzania piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Na wazee wasikae kikao cha fidia au cha kumwozesha kwa aliyembaka.

“Tukusanye nguo kuukuu.”

Ulizeni kwanza wanaopokea wanahitaji nini. Mara nyingi orodha ni chupi mpya za saizi mbalimbali, taulo za kike, sabuni, ndoo yenye kifuniko, tochi ya sola, filimbi na kanga. Taulo za kufua zinahitaji maji ya kutosha na mahali pa siri penye jua. Bila hivyo huvaliwa mbichi, muwasho na maambukizi yakafuata. Pasipo maji, pelekeni za kutupa, na pipa lake.

Kanga ipelekwe doti nzima, na jina lake lisomwe kabla ya kununua. Wengi wetu tunazijua zile za vijembe vya ndoa na wivu. Mwanamke aliyetoka kudhulumiwa asifungue mzigo akakuta anasemwa. Chagueni zenye dua au maneno ya heri.