Kiungulia si vidonda vya tumbo

Siku hizi Dodoma kila anayewaka moto kifuani ana vidonda vya tumbo. Mtu kala nyama choma mnadani Msalato, kateremsha na bia, kalala. Usiku kifua kimewaka, asubuhi anatafuta dawa ya vidonda. Mjamzito wa miezi minane anatema maji machungu, anaambiwa ni vidonda. Jina limezagaa mpaka limekosa maana, na wenye vidonda vya kweli wamepotelea humo humo.

Maana zenyewe ni fupi. Kiungulia ni asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni. Kidonda cha tumbo ni jeraha lililochimbika kwenye ukuta wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo mwembamba. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kimoja hakigeuki kuwa kingine.

Kinachoudhi zaidi ni ile kauli ya "asidi imenizidi". Wengi wenye kiungulia asidi yao ni ya kawaida kabisa, ila imekaa pasipo pake. Tumbo lina ute mzito unaolikinga. Umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana huungua. Kati yao kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kikipita, kisha hujifunga. Ukilegea, au tumbo likibanwa hadi msuli uzidiwe, asidi hupanda. Kwa hiyo kumuuliza mtu amekula nini hakutoshi. Muulize pia amekula kiasi gani, saa ngapi, na baada ya hapo alifanya nini.

Ugali wa uwele kwa mlenda hauna kosa lolote. Kosa ni kuumaliza mlima wa ugali saa tatu na nusu usiku na saa nne kuwa kitandani. Chakula cha jioni kiliwe angalau masaa matatu kabla ya kulala, na kiwe kidogo kuliko cha mchana, ijapokuwa nyumba nyingi zimezoea kinyume chake. Mafuta hukawiza tumbo kujimwaga, hata yakiwa ya alizeti ya Singida yanayosifiwa kila mahali, kwa hiyo chipsi mayai za usiku ni mtego. Pombe na sigara huulegeza ule msuli. Kahawa, soda, nyanya na pilipili hutofautiana mtu na mtu: acha kimoja kwa wiki mbili uone, usiache vyote kwa mkupuo, maana hutajua kilichokusaidia.

Halafu kuna mbano. Kitambi, mkanda uliokazwa, khanga iliyofungwa kwa nguvu, mimba, kuinama kupalilia mara tu baada ya kula: vyote husukuma asidi juu. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kilo chache mara nyingi huona tofauti. Usiku, inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, weka matofali chini ya miguu miwili ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu mwili hukunjika kiunoni na tumbo likabanwa zaidi. Kulala ubavu wa kushoto nako kunasaidia.

Maji ya magadi yana sifa kubwa kuliko yanavyostahili. Ni kweli magadi huua asidi, tena haraka, na gesi inayotoka hapo humfanya mtu abeue na kudhani amepona. Baada ya muda mfupi asidi hurudi. Magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na mwenye presha hana haja ya kujiongezea. Yale ya sokoni, tunayotia kwenye mlenda na makande, hayana kipimo na makali yake hayalingani, hivyo kuyanywa ni kubahatisha.

Sasa vidonda vyenyewe. Kwa miaka mingi hata madaktari walilaumu mawazo na pilipili. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, Australia, walimtambua bakteria anayeishi tumboni, Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sababu ya pili kubwa ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo hupunguza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo. Mtu mwenye mgongo unaouma baada ya kilimo anameza diklofenaki wiki nzima bila kuandikiwa, kisha analaumu maharage. Kuchomwa sindano ya dawa hiyohiyo hakumwepushi, maana madhara hupitia kwenye damu.

Na hapa ndipo kosa kubwa linapozaliwa: mtu anapima, anaambiwa bakteria yupo, anatoka akitangaza ana vidonda. Bakteria huyu yupo kwa watu wengi sana Afrika, na wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote. Tena kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, ambazo hubaki hata miaka baada ya kupona. Kipimo cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe ndicho cha kuaminika zaidi, mradi umeacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, wiki mbili na antibayotiki wiki nne kabla. Kidonda chenyewe huonekana kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Akiwepo bakteria na daktari akaamua kumtibu, dozi kwa kawaida ni ya siku 14. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakipoa, na bakteria anayebaki huzoea dawa.

Omeprazole nayo humezwa vibaya. Imezwe nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa sababu huzuia mitambo ya asidi inayoamshwa na chakula. Anayeimeza akiwa ameshashiba, tena siku anayoumwa tu, atasema dawa haifanyi kazi.

Hasara ya jina baya huonekana kwenye sahani. Mtu akishajiita mgonjwa wa vidonda huacha maharage, kunde na choroko, akahamia maziwa. Maziwa hutuliza kidogo, kisha huchochea asidi nyingine. Maharage hayatoboi tumbo; hutoa gesi kwenye utumbo mpana, mbali na umio. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemshia mapya, gesi itapungua. Kuyaacha kabisa ni kujinyima protini na madini ya chuma ya bei nafuu kuliko nyama yoyote ya soko la Majengo.

Kuna dalili zisizongoja mjadala wa majina: kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, choo cheusi chenye kunata kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, vitaje), chakula kukwama kikishuka, kukonda bila sababu. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo au mapema iwezekanavyo. Na kifua kinachobana ukipanda ngazi au ukitembea kwa haraka, pamoja na jasho au maumivu ya mkono na taya, huenda ni moyo, si kiungulia wala vidonda.

Kwa hiyo ukifika zahanati au duka la dawa, badala ya "nina vidonda", eleza panapowaka: nyuma ya mfupa wa kifua au kwenye chembe cha moyo. Sema huanza ukiwa umeshiba na kulala, au ukiwa na njaa na usiku wa manane, na taja kila dawa ya maumivu uliyomeza mwezi huu. Jina la ugonjwa litatajwa baada ya hapo, na anayekuhudumia.