Je, Wajua Kwa Nini Mgonjwa Huambiwa Ainamishe Shingo Ndani ya Mashine ya MRI?

Anayepimwa shingo kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, kwa kawaida hulazwa chali, kichwa kikiwa kimenyooka, na kuambiwa asitikisike, kwa kuwa mtikisiko huitia picha ukungu. Picha hupatikana safi, lakini ni ya shingo iliyopumzika, ilhali ganzi ya mikono na vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo vya shati huenda vimetokana na yanayotendeka shingo inapokunjwa.

Katika pingili saba za shingo mna mfereji ambao kwa mtu mzima una upana wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, na ukipungua chini ya 13 huhesabiwa kuwa mwembamba. Humo hupita ugwe wa mgongo, unaobeba mawasiliano kati ya ubongo na viungo. Mtu anapotazama dari, mfereji hufupika na kusinyaa: diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, hutokeza nyuma na kano ya manjano iliyo kwenye ukuta wa nyuma hujikunja kuelekea ndani, huku ugwe wenyewe ukinenepa. Anapoinama, nafasi huongezeka, lakini ugwe huvutwa, na palipoota vinundu vya mfupa kwa mbele hukazwa juu yavyo mithili ya kamba ya ndoo kwenye ukingo wa kisima. Ndiyo maana wataalamu hupiga picha, ziitwazo picha za mwendo, katika mikao mitatu: shingo ikiwa imenyooka, imeinamishwa, na imeinuliwa. Picha hizo si filamu, kama jina lake linavyoweza kumfanya mtu adhani. Mgonjwa hutulia katika kila mkao kwa dakika kadhaa, kwa kiasi anachoweza kuvumilia.

Faida ya kipimo hiki huonekana wazi zaidi katika ugonjwa ambao daktari Mjapani Keizo Hirayama aliueleza mwaka 1959. Huwapata hasa vijana wa kiume, ambao misuli ya kiganja na kigasha, aghalabu ya mkono mmoja, hukonda taratibu bila maumivu makubwa. Picha ya shingo iliyonyooka huweza kuonekana karibu salama kabisa. Kijana akiinama, utando mgumu unaoufunika ugwe huachana na ukuta wa nyuma, husogea mbele na kuugandamiza ugwe dhidi ya pingili. Kwa kuwa madhara huletwa na kuinama kunakorudiwarudiwa, kola ya shingo, ikivaliwa mapema, huweza kuuzuia ugonjwa usiendelee.

Ipo pia njia ambayo mgonjwa hatikisiki hata kidogo, bali mashine hufuatana na mapigo ya moyo na kupima jinsi ugwe unavyopanda na kushuka kwa sehemu ya milimita kila moyo unapopiga. Mtu angetarajia ugwe uliobanwa utulie. La kushangaza ni kwamba karibu na mahali palipobana mara nyingi huonekana ukisogea zaidi, na watafiti wanauchunguza mwendo huo kama dalili ya ugwe unaoelemewa.