Neno «Wahi» na Hesabu Isiyotajwa Katika Tangazo

Malalamiko ya wateja kuhusu matangazo ya biashara mara nyingi huanza na kelele: vipaza sauti vinavyonguruma tangu asubuhi katika mitaa ya Kampala, au ujumbe wa simu unaodai kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Hata hivyo, anayeyasoma kwa makini hugundua kwamba kinachowaudhi watu zaidi si sauti wala sifa. Mchuuzi wa soko la Owino anayepigia debe mashati yake hamdanganyi mtu, kwa kuwa mnunuzi hulishika shati, huligeuza, na bei hupatanwa palepale. Udhia hutokana na habari iliyofichwa huku mteja akihimizwa afanye haraka.

Mikopo ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Tangazo husema «riba asilimia 10 tu, wahi sasa», bila kueleza kama asilimia hiyo ni ya mwezi au ya mwaka, wala kama inatozwa juu ya mkopo wote au juu ya salio linalopungua, yaani deni lililobaki. Aliyekopa shilingi 500,000 kwa miezi 6, akitozwa asilimia 10 kila mwezi juu ya mkopo wote, atalipa riba ya shilingi 300,000. Lau angetozwa juu ya salio huku akirejesha deni kwa mafungu sawa, riba ingekuwa shilingi 175,000. Hapo bado hatujagusa ada ya maombi wala faini ya kuchelewa. Neno «wahi» limewekwa ili hesabu hii isifanywe.

Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha inasisitiza haki, kuaminika na uwazi. Baadhi ya wafanyabiashara huogopa kwamba wakitaja gharama yote mteja atakimbia. Huenda atakimbia kweli, lakini mteja huyo, lau angefichwa gharama, angerudi baadaye akiwa mlalamikaji, na majirani zake wangeshasikia.

Kuhusu dawa moja inayotangazwa kutibu kisukari, presha na upungufu wa nguvu za kiume kwa pamoja, sina haja ya uchambuzi mrefu. Iripotiwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa.

Malalamiko yenye nguvu ni yale yanayoonyesha maneno yenyewe ya tangazo, kwa hiyo usifute ujumbe, piga picha bango, na tunza risiti. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi. Asipokujibu, peleka suala la benki kwa Benki Kuu, na la mkopeshaji binafsi kwa mamlaka inayosimamia taasisi ndogo za fedha. Ikiwa kero ni matangazo unayotumiwa moja kwa moja kwa kutumia taarifa zako binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuruhusu kuiandikia kampuni ikome, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 14, ikieleza kwamba imetii au kwa nini haikutii.