Tundu lenye pande 32

Juzi tena. Kijana kaja karakana na flashi mkononi: "Shikamoo kaka, kifaa changu cha 3D kiko tayari, nataka tu kikerezwe." Nachomeka flashi, nakuta faili la Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni na picha za 3D. Ndani kuna kiti cha beringi ya 6205 kwa ajili ya mashine ya kukoboa, kimechorwa kwa upendo kweli kweli. Kina kutu ya bandia pembeni na mwanga wa jioni unakipiga kwa ubavuni. Nikamuuliza kwa nini alichagua Blender. "Si natumia Linux, kaka? Kwenye Linux 3D ni Blender."

Nimeshaisikia sentensi hiyo hadi ninaweza kuimalizia mwenyewe. Safari hii nimeona niiandikie. Jibu langu ni fupi: kifaa cha kukerezwa kichore kwenye FreeCAD, programu ya bure ya kuchora vifaa kwa vipimo, nayo iko kwenye Linux.

Sina ugomvi na Blender. Ilizaliwa kwenye studio moja ya Uholanzi miaka ya tisini, ikaachiwa huru mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000 ndani ya wiki saba, na mwaka 2025 katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilibeba Oscar. Ukitaka tangazo, katuni, au picha ya nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa, usihangaike kwingine.

Shida yangu ni tundu.

Beringi ya 6205 ina mm 25 ndani, mm 52 nje, unene mm 15. Tundu la kiti chake linatakiwa liwe mm 52 na kinyweleo juu yake. Ukifuata H7, yaani kipimo cha kawaida cha nafasi inayoruhusiwa kwenye tundu, ni kuanzia sifuri hadi mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), basi. Sasa iambie Blender ikupe silinda bila kugusa mipangilio. Inakupa pande 32. Ukilainisha kivuli unaona duara, lakini mle ndani ni pande bapa 32 zimeshikana mikono. Kwenye pembe unapata mm 52 zako. Pima kutoka ubapa mmoja hadi wa mbele yake: mm 51.75. Robo milimita imeliwa na beringi haiingii. Ukiipigilia kwa nyundo itaingia, halafu baada ya wiki mbili mwenye mashine atakupigia simu kuuliza ile kelele ni ya nini.

Hapa wajuzi hunirukia: "Si uongeze pande?" Wana haki. Weka pande 256 na kosa linashuka hadi mikroni nne hivi, na printa ya 3D ya mtaani hailioni hilo. Kwa hiyo anayesema Blender haina usahihi namkatalia hata mimi. Kinachonikera ni kingine kabisa: lile tundu halijui kwamba ni tundu.

Meshi ni rundo la pembetatu zilizoshonwa pamoja. Hakuna mahali kwenye faili palipoandikwa "hapa pana duara la mm 52, katikati yake ni hapa". Kuna nukta tu. Mteja akija kusema, na lazima aje, "6205 zimeisha dukani, weka 6206", yaani mm 30 ndani, mm 62 nje, unene mm 16, kwenye Blender unaanza kuvuta nukta. Unapanua tundu, ukuta unabaki palepale na kuwa mwembamba kama ganda la yai. Matundu ya bolti yanatakiwa yasogee nje, lakini nani ayaambie? Unayasogeza mwenyewe, moja moja, na la nne utalisahau.

Kwenye FreeCAD nilikuwa nimeandika 52 kwenye jedwali. Ukuta ni hiyo 52 jumlisha 20. Bolti zinapimwa kutoka kwenye ukuta. Nafuta 52, naandika 62, na kiti kizima kinajipanga upya mbele ya macho yangu. Mara nyingi. Nitarudi kwenye hiyo "mara nyingi", maana ndiyo inayonizeesha.

Na ndiyo maana nachoka mtu anapoleta faili la aina ya STL na kusema "igeuze tu iwe STEP", aina nyingine ya faili. STL ni pembetatu tupu, hata kizio haina. 52 inaweza kuwa milimita, inchi au hatua za miguu. Yule kijana alichora kwa mita, akatoa STL, programu ya kuandaa uchapaji ikaisoma 0.052 kama milimita. Alipofungua akaona meza tupu, akaamini faili limeharibika. Kifaa chake kilikuwepo palepale katikati ya meza, chembamba kuliko unywele. STEP inabeba silinda kama silinda, pamoja na vizio vyake. Geuza STL iwe STEP na utapata STEP yenye vipande bapa elfu kadhaa, kila kimoja kinajiona ni uso. Mwenye mashine ya kusaga hawezi kukurudishia mahindi kutoka kwenye unga, na mimi pia siwezi.

Programu nyingine za kuchora nazipitia haraka. OpenSCAD unachora kwa kuandika kodi za programu. Naipenda kwa maboksi ya bodi za elektroniki, ila nayo mwisho wa siku inakupa meshi, STEP usahau. SolveSpace ni nyepesi ajabu na ni mwalimu mzuri wa kufunga vipimo, lakini haina kifaa cha kuviringisha kingo. Sweet Home 3D ni ya kupanga makochi. LibreCAD ni ya 2D, jamani, ni ya 2D. Onshape inaenda ndani ya kivinjari, Linux au isiwe Linux, na inafanya kazi vizuri kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini bando likikata na kazi imekata, na kwenye akaunti ya bure michoro yako inaonekana na kila mtu. SolidWorks na Fusion hazina toleo la Linux. Ndiyo, nimejaribu Wine, ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Sitaki kuongelea.

Haya, "mara nyingi". FreeCAD huzipa nyuso na kingo majina kwa namba: uso wa 6, ukingo wa 12. Kwa miaka mingi ulikuwa ukichimba tundu jipya hatua za mwanzoni, namba zinajipanga upya, na ule mviringo uliouweka kwenye ukingo wa 12 unahamia upande wa pili au kazi nzima inageuka nyekundu. Toleo la 1.0, la Novemba 2024, limepunguza ugonjwa huo sana. Limepunguza, sijasema limeuponya. Mimi bado naviringisha kingo mwisho kabisa, kazi ikiwa imeshatulia, na vipimo muhimu navishikiza kwenye jedwali au kwenye mhimili, sivishikizi kwenye uso wa kifaa. Na kuna jambo ambalo mpaka leo sina maelezo yake ya kuridhisha: naomba mviringo wa mm 3, inakataa, naomba 2.99, inakubali. Najua kosa liko chini kwenye injini ya OpenCASCADE inayokokotoa maumbo. Lakini ukiniuliza kwa nini 2.99, nitabadilisha mada.

Kuna siku pia najiuliza kama ugomvi huu wote una faida. Mkerezaji wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hajawahi kufungua STEP maishani mwake. Nampelekea karatasi ya A4 niliyotoa kwenye TechDraw, sehemu ya FreeCAD ya michoro ya karatasi, tundu lina duara na mshale na 52 H7, anaibandika ukutani kwa grisi na kuwasha mashine. Angechorewa kwa penseli kazi ingetoka vilevile. 3D ni ya kwangu mimi, nijue bolti hazigongani kabla chuma hakijakatwa.

Suala la laptopu, kwa sababu wengi tunanunua zilizotumika. Blender kuanzia 4.0 inataka OpenGL 4.3 (OpenGL ndiyo njia ya programu kuzungumza na chipu ya picha), na prosesa za Intel za kizazi cha tatu, zile zenye chipu ya picha ya HD 4000, zinaishia 4.2 kwenye Linux. Kwa hiyo ikikataa kufunguka usiilaumu Ubuntu wala muuzaji. Shusha Blender 3.6 uendelee na maisha. FreeCAD kwenye mashine hiyohiyo inafunguka, ila ukiunganisha vipande vingi utapata muda wa kuchemsha chai.

Na tafadhali, kabla hujaniandikia kwamba FreeCAD "imekufa" au "inavunjika kila saa", angalia umeweka ipi. Ghala la programu la Debian 12, moja ya Linux, linakupa 0.20.2, toleo la kabla ya matengenezo yote niliyoyataja. Kijana wa 6205 alikuwa ameijaribu hiyohiyo, ikamvuruga siku ya kwanza, ndipo akakimbilia Blender. Ifute, pakua AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) kutoka tovuti yao, ipe ruhusa ya kuendeshwa, chora kiti cha beringi moja tu. Kikivunjika, njoo na flashi.