Kufutwa kwa ushuru hakukufuta forodha: ufafanuzi kwa wasafirishaji wa mizigo kati ya Ulaya na Uingereza

Tangu 31 Januari 2025, Uingereza ilipoanza kudai tamko la usalama kwa mizigo inayoingia kutoka Umoja wa Ulaya, dawati letu la forodha limepokea malalamiko mengi ya madereva na wenye malori wanaovuka kati ya Calais na Dover. Tunaamini wengi wao wanataka kufuata sheria. Lakini swali ni lilelile kila wiki: si mkataba wa biashara wa Uingereza na Umoja wa Ulaya wa Desemba 2020 ulifuta ushuru?

Ulifuta, kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya. Forodha, yaani wajibu wa kuwasilisha taarifa za mzigo (tamko) mpakani, ilibaki. Toka 1 Januari 2021 kila shehena inayovuka inatoka eneo moja la forodha na kuingia jingine, hivyo hutamkwa mara mbili, inakotoka na inakoingia. Hili limeshaelezwa vya kutosha.

Kwa mzigo unaoingia Uingereza, mwagizaji au wakala wake hutuma tamko kabla lori halijafika bandarini, kisha humpa msafirishaji namba ya tamko hilo. Msafirishaji huingiza namba zote za mizigo iliyomo kwenye GVMS, mfumo wa kompyuta wa serikali ya Uingereza wa kusajili mizigo inayovuka, naye hupata namba moja, GMR, ya lori moja kwa safari moja. Bila GMR hupandi feri wala treni ya Eurotunnel. Ya safari ya kwenda haitumiki kurudi. Ukibadilisha tela, rekebisha namba ya tela kwenye mfumo kabla ya kufika getini. Ukienda Ufaransa, nyaraka huunganishwa na namba ya gari ukiwa bado upande wa Uingereza, na uamuzi hutoka ukiwa majini: kijani unaondoka, chungwa unaelekea kwa ofisa wa forodha.

Wenye taabu kubwa kuliko wote ni wanaobeba mizigo ya wateja wengi katika lori moja. Tamko la mteja mmoja likikosekana, lori zima linasimama, pamoja na mizigo ya wale waliokamilisha kila kitu. Anayelala bandarini ni dereva, ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa tamko hilo. Tunaliona jambo hili kuwa si haki, na ndiyo maana tunasisitiza: usipakie kabla ya kupewa namba ya tamko kwa maandishi, na mkataba wako utaje nani atalipa gharama za kusubiri. “Wakala atamaliza ukiwa njiani” si jibu.

Mizigo ya transiti chini ya hati ya T1, yaani inayosafiri kabla ya kulipiwa ushuru, ina hatari yake. Ushuru na kodi vimewekewa dhamana mpaka safari ifungwe rasmi. Ukiiruka ofisi ya forodha ya mwisho, au ghala lililoidhinishwa, ukashusha moja kwa moja kwa mteja, T1 inabaki wazi na mwenye dhamana atadaiwa. Lakiri, yaani kifungo cha forodha kwenye mlango wa tela, haikatwi na dereva, hata mteja akiwa na haraka. Kwa makosa ya forodha, faini ya kiraia Uingereza inaweza kufika pauni 2,500 kwa kosa moja.

Mimea na bidhaa za wanyama zenye hatari ya kati au ya juu zinazoingia Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya zinahitaji cheti cha afya tangu 31 Januari 2024, na ukaguzi wa mzigo wenyewe ulianza 30 Aprili 2024. Mizigo ya Dover hukaguliwa Sevington, karibu na Ashford. Ada iliyowekwa mwaka 2024 ni pauni 10 au 29 kwa kila aina ya bidhaa, isiyozidi pauni 145 kwa shehena. Hulipwa hata usipoitwa kukaguliwa. Kubishana na ofisa juu ya hilo kunapoteza muda wa maua na nyama.

Kwa wanaosafirisha maua ya Kenya kupitia Uholanzi: waridi la Naivasha haligeuki la Kiholanzi kwa kupita mnadani Aalsmeer. Uingereza ilisitisha ushuru wake wa asilimia 8 kwa maua yaliyokatwa kuanzia 11 Aprili 2024 hadi 30 Juni 2026, hata yanayopitia nchi ya tatu. Usitishaji huo haugusi wajibu wa kutamka asili. Andika Kenya, na cheti cha afya ya mimea kiendane na idadi ya masanduku yaliyomo ndani ya lori.