Kazi ya shuruti kama adhabu mbadala: maana na mipaka yake

Kazi ya shuruti kama adhabu mbadala ni kazi ambayo mahakama humwamuru mtu aliyepatikana na hatia aifanye badala ya kumpeleka gerezani. Dhana hii huchanganywa mara nyingi na kifungo cha kazi ngumu, ambacho humweka mhalifu gerezani kwanza na kazi ikaja kama nyongeza. Katika adhabu mbadala, kazi yenyewe ndiyo adhabu, na kwa utaratibu wa Kenya anayeitumikia hurudi kwake jioni, hujilisha mwenyewe na huendelea kulea watoto wake.

Sheria inayohusika hapa nchini ni Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au yale yenye kifungo kirefu zaidi lakini hakimu ameona kwamba miaka 3 au pungufu inatosha. Kazi hiyo haina malipo, lazima iwe ya umma, na muda wake hauwezi kupita kifungo ambacho mtu huyo angepewa. Sheria imetaja mifano kadhaa, kama vile kutengeneza barabara, kupanda miti, kuhifadhi maji na kukarabati shule na hospitali za umma.

Tuchukue mfano wa mama wa Nyalenda, mjini Kisumu, aliyekamatwa na lita chache za chang'aa na kukiri kosa kortini. Kabla ya kutoa amri, hakimu humwagiza afisa wa huduma kwa jamii, ambaye kwa kawaida ni afisa wa probesheni, achunguze hali yake: anaishi wapi, anategemewa na nani, amewahi kushtakiwa au la, na majirani pamoja na naibu wa chifu wanamwelezaje. Ripoti ikishasomwa, hakimu humweleza mama huyo, kwa lugha anayoielewa, maana ya amri hiyo na yatakayompata akiikiuka. Ikiwa anaelewa Dholuo pekee, mkalimani wa korti hutafsiri neno kwa neno. Hupewa amri hiyo pale tu anapoahidi kuitii. Pengine atapangiwa zahanati iliyo karibu na kwake, afagie ua, afyeke nyasi na kupiga deki vyumba vya wagonjwa, huku msimamizi akiweka rekodi ya saa alizofanya. Asipofika, taarifa hurudi kortini, na hakimu anaweza kumwonya, kuibadilisha amri au kuifuta na kumpa adhabu nyingine.

Wapo wanaohoji kama ahadi inayotolewa mtu akiwa ametazamishwa mlango wa gereza ni hiari kweli. Hoja hiyo ina uzito, na kwa maoni yangu ni afadhali tukubali wazi kwamba shuruti imo, kisha tuulize ni nini kinachoitenganisha na utumwa.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 30, inakataza utumwa na vilevile inasema kwamba mtu hatalazimishwa kufanya kazi ya shuruti. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 73, ilieleza bayana kwamba kazi inayotokana na hukumu ya mahakama haihesabiwi kuwa kazi ya shuruti, lakini maelezo hayo hayamo katika Ibara ya 30. Ufafanuzi wa kutegemewa unapatikana katika Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1964. Mkataba huo unaruhusu kazi ya mhalifu ikiwa ametiwa hatiani na mahakama, ikiwa mamlaka ya umma ndiyo inayoisimamia, na ikiwa mhalifu hakukodishwa wala kukabidhiwa kwa mtu binafsi, kampuni au chama. Kwa hiyo kinachopimwa si ugumu wa kazi, kwani jembe ni lile lile. Kinachopimwa ni nani aliyeamuru, nani anayesimamia na nani anayefaidika.

Magharibi mwa Kenya kuna sababu ya kuyashika masharti hayo kwa makini. Sheria ya kikoloni iliyorekebishwa mwaka 1920 iliruhusu wanaume waitwe kwenye kazi za serikali hadi siku 60 kwa mwaka, kupitia machifu, bila kosa wala kesi, na kazi hiyo ya shokoa ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Young Kavirondo Association, chama kilichoundwa Nyanza mwaka 1921. Sheria nyingine ya 1925 ilianzisha kambi za vizuizi kwa ajili ya makosa madogo, yakiwemo kutolipa kodi na kukiuka kanuni za kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba), na waliozuiliwa walifanyishwa kazi humo. Baada ya uhuru kulikuwa na kifungo cha nje, yaani kazi ambayo mhukumiwa aliifanya bila kukaa gerezani, ambacho kilisimamiwa kwa kiasi kikubwa na machifu na kililalamikiwa kwamba baadhi ya wahukumiwa waliishia kulima mashamba ya watu binafsi. Sheria ya 1998 ilikuja kuchukua nafasi ya mpango huo.

Si kila nchi imechora mpaka pale pale. Urusi ilianza kutekeleza adhabu inayoitwa waziwazi kazi ya shuruti mwaka 2017: mhukumiwa huishi katika kituo maalumu kwa miezi 2 hadi miaka 5, hulipwa mshahara, na serikali hukata asilimia 5 hadi 20, hata kama kazi yenyewe inafanyika katika kampuni. Kwa mizani ya Mkataba wa 29, hapo kwenye kampuni ndipo penye swali.

Kwetu kasoro iliyobaki ni ya aina nyingine. Sheria inaruhusu mtu atoe huduma ya kitaalamu kwa jamii, hivyo fundi wa umeme wa Nakuru aliyehukumiwa kwa kosa dogo anaweza kuagizwa arekebishe nyaya za shule ya umma. Lakini mara nyingi hukabidhiwa fyekeo, kwa sababu nyasi hazikosekani na kuzisimamia hakuhitaji mtaalamu.