Mimba na MS: ile ya "usizae" ilishapitwa

Jamani hii ya kwamba mwenye MS, yaani multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa neva, akishika mimba ndo anajimaliza, hata madaktari waliisema miaka mingi tu, lakini utafiti wa Ulaya uliotoka 1998 ulifuatilia wanawake 254 ukakuta kinyume, miezi mitatu ya mwisho ya mimba mashambulizi, yaani vipindi vya dalili kuzuka au kuzidi, yalishuka kutoka wastani wa 0.7 kwa mwaka kabla ya mimba hadi 0.2, sio mchezo. Pa kuangalia ni baada ya kujifungua, miezi mitatu ya kwanza yalipanda mpaka 1.2 halafu yakarudi palepale pa kabla ya mimba. Ila dawa usiache kienyeji, zingine hazifai na mimba, ongea na daktari wa neva kabla hujashika.